Herufi 12, Silabi Mbili

Nilifika kwake Njoro saa nne asubuhi nikiwa na kopo la yogati mkononi, maana sipendi kuingia nyumba ya mzee mikono mitupu. Alilipokea, akasoma jina lililoandikwa ubavuni, akacheka mpaka akavua miwani. “Umeniletea mada kabla hujakaa,” akasema. Jina lililokuwa koponi ni Delamere. Jina lililonipeleka kwake ni Cholmondeley. Nilikuwa sijui bado kwamba ni watu walewale.

Mwenyeji wangu alifundisha isimu kwa miaka mingi, kisha akafanya kazi ya kutafsiri na kusoma habari redioni. Miaka yote hiyo amekuwa akikusanya majina ya ukoo kama wengine wanavyokusanya stempu. Kila jina lina kadi yake, na kadi zimejaa maboksi ya viatu yaliyopangwa chini ya kitanda. Aliniomba nisimtaje. Makala ya majina ya watu, alisema, haina haja na lake.

SWALI: Mwalimu, nianze kwa kukiri. Jina hili nimeliona magazetini tangu nikiwa shule, na sijawahi kulitamka mbele ya watu.

MWALIMU: Sema “Chamli”. Umemaliza.

Si wewe peke yako, mwanangu. Mimi lilinikuta hewani. Karatasi ya habari ililetwa imechelewa, taa nyekundu imeshawaka, na jina lenyewe liko mstari wa kwanza. Nikalisoma kama tulivyofundishwa kusoma Kiswahili, herufi kwa herufi: Cho-li-mo-nde-le-yi. Nilikuwa kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kabla taarifa haijaisha, simu ya studio ilikuwa inalia. Msikilizaji mmoja, mwenye lafudhi ya Kiingereza cha juu, alitaka kujua kama kituo chetu kina kamusi. Kamusi ilikuwepo. Kamusi za kawaida hazina majina ya watu.

Waingereza wenyewe wana mzaha wa zamani juu ya jambo hili. Mgeni anabisha hodi kwenye jumba la bwana mkubwa, anauliza kama Bwana Chol-mon-de-ley yupo. Mtumishi anamjibu kwa utulivu kwamba hayupo, wala hakuna hata mmoja wa “pe-o-ple” wake. Yaani neno people, watu, amelitamka naye herufi kwa herufi, kumrudishia mgeni kosa lake. Mzaha huo ukimsimulia Mswahili hacheki, kwa sababu kwake yeye mgeni ndiye aliyesoma sawasawa.

SWALI: Herufi 12 hizo zilitoka wapi?

MWALIMU: Zilitoka msituni. Katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, si mbali na mpaka wa Wales, kuna kijiji kidogo kinachoitwa Cholmondeley. Zamani, kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, pale palikuwa na mwitu, na mtu mmoja aitwaye Ceolmund alikuwa na sehemu yake iliyofyekwa. Mahali pa wazi katikati ya miti, katika Kiingereza cha kale, paliitwa leah. Ukiweka jina la mtu na mahali pake pamoja, unapata “mfyeko wa Ceolmund”. Makarani wa mfalme William walipoorodhesha ardhi na mali za nchi mwaka 1086, katika kile kitabu kinachoitwa Domesday, waliandika Calmundelei. Ukilitazama vizuri, bado unamwona mwenye shamba.

SWALI: Na Ceolmund maana yake nini?

MWALIMU: Ceol hufasiriwa kuwa merikebu, na mund ni mkono unaokinga, ulinzi. Lakini usiende kuandika kwamba Cholmondeley maana yake ni “mlinzi wa merikebu”, ingawa vitabu vya kuuzia watalii hupenda mambo hayo. Waingereza wa kale waliunda majina kwa kuokota vipande viwili vyenye heshima na kuviunga. Huenda kipande kimoja kimetoka upande wa baba na kingine kwa mjomba. Hawakutaka viunganike kimaana. Kijiji chenyewe hata bahari hakiioni.

SWALI: Sasa mfyeko uligeukaje ukoo?

MWALIMU: Hapo ndipo watu hukosea. Chukua Juma wa Pangani. Akiwa Pangani, nani atamwita hivyo? Pangani kila mtu ni wa Pangani. Jina hilo linaanza kufanya kazi siku anaposhuka Mombasa, palipo na kina Juma saba, na lazima wapambanuliwe. Sheikh Uways al-Barawi, yule wa tarika ya Kadiria, nisba yake ilimtaja Barawa kwa sababu alitembea mbali na Barawa. Majina mengi ya Kiingereza ya mahali yalizaliwa hivyohivyo: mtu aliondoka kwao, akaitwa kwao.

Ila kuna njia ya pili, na hiyo ndiyo ya Cholmondeley. Bwana mwenye ardhi huitwa kwa ardhi yake hata akiwa amelala juu yake. Karibu na kijiji hicho kuna mji wa Malpas, jina la Kifaransa kilicholetwa na Wanormani, maana yake njia mbaya, njia isiyopitika. Katika ukoo wa mabwana wa Malpas alitokea mwana mdogo aitwaye Robert, akapewa Cholmondeley iwe riziki yake, akaitwa Robert wa Cholmondeley. Hiyo “wa”, waliyoiandika de kwa Kifaransa, ikaja kudondoka. Jina likabaki, likarithishwa. Mabwana wenye ardhi ndio waliotangulia kuwa na majina ya kurithi, watu wa kawaida wakafuata polepole, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa nayo.

SWALI: Tuingie kwenye fumbo lenyewe. Herufi 12, na ninachosikia ni silabi mbili. Zilizobaki zilikwenda wapi?

(Hapa aliamka, akaleta karatasi na kalamu ya wino. Akachora vijiti saba vya wima, vimesimama bega kwa bega.)

MWALIMU: Soma.

SWALI: Ni vijiti tu, Mwalimu.

MWALIMU: Ni “mun”. M ilikuwa vijiti vitatu, u viwili, n viwili. Katika mwandiko wa zama za kati, herufi hizo zilichorwa kwa kijiti kilekile kimoja kifupi, na zikikaa pamoja msomaji hupotea kama mtu aliye ndani ya shamba la miwa. Makarani wakapata dawa. Pale u ilipokaa karibu na m au n, wakaandika o badala yake. Sauti ilibaki ileile, mkono tu ndio uliobadilika. Ndiyo sababu Waingereza huandika monk, come, London, na kote humo hawatamki o. Mund ya Ceolmund ikawa mond kwenye karatasi. Basi msomaji wa leo anayesema “mo-nde” anatamka hila ya karani.

Hilo ni la kalamu. La ulimi ni kubwa zaidi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zilizobaki zote zinapewa haki yake. Kiingereza hukaza ya kwanza, zinazofuata zinaachwa bila mlinzi. Jina refu likitamkwa kila siku kwa miaka 400 au 500, katikati panaliwa. Kwanza inakwenda “on”, kisha “de”, kisha l iliyosimama kabla ya m inanyamaza kama inavyonyamaza katika calm na palm. Kinachotoka upande wa pili ni Chamli, sauti tano.

Nasi tunakula katikati, usidhani hatuli. Mwanangu ni “mwana wangu”. Babake ni “baba yake”. Tofauti ni kwamba ulimi wetu ulipopunguza, kalamu ilifuata. Kwao ulimi ulikwenda zake, kalamu ikakaa pale pale.

SWALI: Kwa nini kalamu ilikataa?

MWALIMU: Kwa ajili ya ardhi, tena. Jina liko kwenye hati, kwenye wasia, kwenye barua ya mfalme inayokupa cheo. Ukibadilisha herufi moja, wakili wa binamu yako atapata la kusema mahakamani. Mwenye mali hana haraka ya kurekebisha tahajia.

Tazama matawi ya ukoo yaliyotoka nje ya Cheshire. Walianza kuandika Cholmeley, karibu zaidi na mdomo. Sir Roger Cholmeley, aliyekuwa hakimu mkubwa London, alianzisha shule ya Highgate mwaka 1565, na shule ipo hadi leo. Sir Hugh Cholmeley wa Whitby, kule Yorkshire, aliingia vita vya wenyewe kwa wenyewe akiwa upande wa Bunge, akahamia kwa mfalme, akazingirwa ndani ya ngome ya Scarborough mpaka akaisalimisha mwaka 1645. Mwanawe, Hugh vilevile, alipelekwa Tangier, Morocco, kujenga ukuta wa bandari wa kuzuia mawimbi. Hao wote ni jina lile lile. Na waliotoka kabisa kwenye kivuli cha hati, waliokwenda Marekani au waliozaliwa maskini wakaandikwa na karani aliyesikiliza kwa sikio, utawakuta wameandikwa Chumley. Jina limeandikwa kama linavyosemwa, na hakuna anayemwonea wivu mwenye nalo.

SWALI: Wasomaji wetu wengine wanaamini Waingereza wa tabaka la juu wanafanya makusudi, ili sisi tukosee.

MWALIMU: Hawakuanza makusudi. Lakini walipokuta uzio umeota wenyewe, hawakuufyeka. Wana majina kadhaa ya namna hii. Featherstonehaugh, herufi 17, wenyewe husema “Fansho”. Marjoribanks ni “Machibanks”. Beauchamp ni “Bicham”. Mainwaring, ambayo nayo ni ya Cheshire, ni “Manering”. Miji pia: Leicester ni “Lesta”, Worcester ni “Wusta”. Miji hiyo kila mtu huifahamu kwa sababu mabasi yanakwenda huko. Majina ya ukoo hayana basi. Utayajua kama umekaribishwa chakula kwa watu hao, na usipokaribishwa utajulikana mara ukifungua mdomo.

SWALI: Ni nadra kiasi gani?

MWALIMU: Pima kwa asili yake. Smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi, kwa hiyo Smith walizaliwa maelfu ya mahali kwa wakati mmoja, na ndilo jina linaloongoza kwa wingi Uingereza. Bradley ni mfyeko mpana, na mifyeko mipana ilikuwa mingi. Cholmondeley ni mfyeko wa mtu mmoja, mahali pamoja, na mahali hapo hapakupata kuwa mji. Ukoo ukawa mmoja, na wengi wanaoliandika kwa herufi zote 12 wanarudi Cheshire ileile. Ongeza kwamba waliochoka kulieleza kwa makarani walilifupisha. Jina kama hili halipungui kwa vifo tu. Hupungua kwa uchovu pia.

Huyo ley wa mwishoni, yaani leah, ndiye wa kawaida. Ukishamjua utamwona kila mahali. Stanley ni mfyeko wenye mawe. Na yule Stanley wa Kongo, Henry Morton, hakuzaliwa na jina hilo hata kidogo. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands, akalichukua jina la Stanley alipokuwa kijana New Orleans. Kisha akaenda Kongo, na watu kule wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Hawakujua maana ya Stanley. Jiwe lilimfuata lenyewe. Mji uliobeba jina lake, Stanleyville, sasa ni Kisangani.

SWALI: Kati ya watu waliolibeba jina la Cholmondeley, yupi anakupendeza zaidi?

MWALIMU: Kuna wanawake wawili ambao hata majina yao ya kwanza hayakuandikwa. Wapo kwenye picha, katika jumba la sanaa la Tate, London. Ilichorwa mwanzoni mwa karne ya 17 na mchoraji asiyejulikana. Wamekaa kitandani, wima kama nguzo, kila mmoja ameshika mtoto mchanga aliyefungwa nguo nyekundu. Ukiitazama kwa mbali utasema ni mtu mmoja na kioo. Ukisogea unaona macho si rangi moja, na ushonaji wa kola unatofautiana. Maandishi ya pembeni yanaeleza kwamba ni mabibi wawili wa ukoo wa Cholmondeley waliozaliwa siku moja, wakaolewa siku moja, wakajifungua siku moja. Ukoo umetajwa kwa herufi zake zote, wao hawakutajwa. Kadi yao ninayo, mstari wa jina nimeuacha wazi.

Lakini ukinilazimisha nichague mmoja, nitamchukua Charles.

SWALI: Charles yupi?

MWALIMU: Charles Cholmondeley, ofisa wa jeshi la anga, mrefu, masharubu yamechongoka, aliyeazimwa na idara ya ujasusi wakati wa vita vikuu vya pili. Mwaka 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalijiandaa kuvamia Sicily, na mtu yeyote mwenye ramani angeweza kukisia hivyo. Ilibidi Wajerumani waaminishwe kwamba shabaha ni Ugiriki na Sardinia. Charles na mwenzake wa jeshi la majini, Ewen Montagu, wakachukua maiti ya mtu asiye na jamaa wa kumdai, wakaivika sare ya ofisa, wakaifunga mkoba wenye barua za uongo. Nyambizi ikaipeleka hadi pwani ya Huelva, Hispania, ikaiachia majini tarehe 30 Aprili. Walitarajia ofisa huyo ataokotwa na barua zitawafikia Wajerumani, na ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikiliza upande wangu, upande wa majina. Maiti ilihitaji jina. Charles mwenyewe alikuwa na jina ambalo ukilitaja mara moja katika klabu yoyote ya London watu watauliza: wa tawi lipi? Mama yake nani? Jina nadra ni kama kengele shingoni mwa mbuzi. Wakachagua William Martin. Katika kikosi cha wanamaji wa nchi kavu palikuwa na kina Martin kadhaa wa vyeo vya karibukaribu. Jasusi wa Kijerumani akipekua orodha, Martin yupo, tena si mmoja, na hana pa kushika. Nikifundisha, nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba hilo ndilo somo bora la takwimu za majina ninalolijua, na limetolewa na mtu aitwaye Cholmondeley.

Maiti ilikuwa ya Glyndwr Michael, mtu wa Wales aliyefia London katika ufukara. Kaburi lake liko Huelva. Kwa miaka mingi jiwe lilikuwa na William Martin peke yake, na baadaye jina la kweli likachongwa chini yake.

(Mwalimu alinyamaza kidogo. Paka alipanda juu ya boksi la herufi C, akashushwa.)

SWALI: Nimekuwa nikiuangalia mzigo wangu pale mezani. Ulisema nimekuletea mada.

MWALIMU: Kenya nzima inamjua Cholmondeley, ila inamjua kwa jina lingine. Tawi moja la ukoo lilikaa Vale Royal, hukohuko Cheshire. Mwaka 1821 mkuu wa tawi hilo alipewa cheo cha ubwana, na kila mwenye cheo huchagua jina la kukitambulisha. Wakachagua msitu uliokuwa jirani, Delamere. Tangu hapo bwana wa nyumba ana majina mawili: la ukoo, Cholmondeley, analozikwa nalo, na la cheo, Delamere, analotia sahihi. Hugh Cholmondeley, Bwana Delamere wa tatu, alirithi cheo mwaka 1887 akiwa na miaka 17. Alikuja huku kuwinda simba akitokea Somalia. Mwaka 1903 akapewa ekari 100,000 hapahapa Njoro kwa mkataba wa miaka 99, na baadaye akapata Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Wamaasai waliokuwa wakilisha bondeni walihamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911. Sisi tukaanza kusema Delamea, na hatukuulizana jina la baba yake.

Sasa Delamere maana yake nini? Ni Kifaransa cha Wanormani kilichopanda juu ya neno la Kiingereza. De la mere: wa ziwa, wa maziwa. Msitu ule una viziwa vingi. Kwa Kilatini makarani waliuandika msitu wa Mara.

SWALI: Mara?

MWALIMU: Mara. Na haihusiani kabisa na Mara ya Wamaasai, kwa hiyo usinitie kwenye kichwa cha habari. Lakini angalia Kiswahili kilivyofanya. Delamere ni “wa maziwa”. Bwana huyo akaja, akaweka ng’ombe kando ya ziwa, na jina lake likaishia kwenye pakiti za maziwa. Kiingereza hakiwezi kufanya mzaha huu. Kifaransa hakiwezi. Ni Kiswahili tu chenye neno moja kwa yote mawili. Nimeishi na mzaha huu miaka 30, na wewe leo umeuleta umeubeba mkononi.

SWALI: Na wewe unakaa Njoro kwa sababu hiyo?

MWALIMU: Nakaa Njoro kwa sababu kiwanja kilikuwa bei nafuu. Ila jambo lingine la ajabu liko nje ya dirisha hili. Chuo kikuu chetu ni Egerton. Kilianza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo, kwa Maurice Egerton, Bwana Egerton wa Tatton, yule aliyejenga kasri la mawe hapo jirani. Egerton ni kijiji. Kiko Cheshire, kimepakana na Cholmondeley, na ukoo wa Egerton unahesabu nasaba yake kwenye mabwana walewale wa Malpas, walewale waliomzaa Robert. Vijiji viwili ambavyo mkulima angevitembelea kwa miguu asubuhi moja vilisafiri kila kimoja kwa njia yake, kimoja karne ya 19 ikiishia na kingine baadaye, vikakutana tena Njoro, juu ya bonde la Ufa. Wanafunzi wanaopanda matatu hapo stendi wanataja kijiji cha Cheshire kila siku, na kondakta anawaelewa.

SWALI: Watu wa rika langu walilijua jina la Cholmondeley kwa kesi.

MWALIMU: Ndiyo. Mrithi wa ukoo huo alishtakiwa kwa kifo cha mtu katika shamba la Soysambu mwaka 2006, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miezi minane. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nikiisoma siku ile simu ilipolia. Nikwambie kilichonikaa moyoni. Miaka mitatu tulibishana chumba cha habari juu ya namna ya kulitamka jina la mshtakiwa. Tulimwita mtu wa ubalozi mmoja atufundishe. Tuliliandika kwa sauti kwenye karatasi, tukalibandika kwenye kioo cha studio. Marehemu alikuwa fundi mawe, jina lake lilikuwa na herufi tano, na hakuna aliyelikosea, kwa hiyo hakuna aliyelizungumzia.

SWALI: Uingereza kwenyewe, ukoo bado una nguvu?

MWALIMU: Una cheo cha umarkizi tangu mwaka 1815, una kasri kule Cheshire na jumba la Houghton, Norfolk, lililojengwa na Robert Walpole, waziri mkuu wa kwanza. Lilifika mikononi mwao kwa ndoa. Wamewahi pia kushika wadhifa wa kurithi wa Lord Great Chamberlain, ambao mwenye nao hutembea mbele ya mfalme bungeni, fimbo nyeupe mkononi. Malkia Elizabeth alipofariki mwaka 2022 wadhifa ulihamia ukoo mwingine, kwa zamu yao ya zamani. Hayo utayapata popote, usinipotezee wino.

SWALI: Na hapa kwetu, jina limebaki wapi?

MWALIMU: Cholmondeley lenyewe halikupata hata kichochoro. Delamere ndiyo iliyopata barabara, katikati ya Nairobi, na sanamu ya bwana ikasimama pale. Uhuru ulipokuja sanamu ikaondolewa, ikapelekwa Soysambu, na jina hilo la Soysambu ni la Kimaasai, linataja mawe yenye mistari. Barabara ikaitwa Kenyatta. Na Kenyatta nalo halikuwa jina la kuzaliwa. Mzee alizaliwa Kamau, na jina la Kenyatta likahusishwa na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Kwa hiyo barabara ile ilitoka kwenye viziwa vya Cheshire ikaingia kwenye mkanda wa shanga. Watu wanavuka hapo na mizigo yao, hawasumbuki.

(Alifungua lile kopo, akatafuta vijiko viwili, akagawa yogati kwenye vikombe vya chai. Alionja, akatikisa kichwa kukubali, kisha akachukua kadi tupu.)

MWALIMU: Hivi ulilipa shilingi ngapi kwa huu msitu?